Kirusi kinalala hakiondoki: maswali yenu ya malengelenge, tetekuwanga na mkanda wa jeshi

Haya wapenzi, niliposema tutaongelea malengelenge ya mdomoni nilidhani nitaletewa maswali mawili matatu, kumbe nimefungua bomba, watu wananisimamisha mpaka sokoni nikiwa na kapu la samaki mkononi. Nimechukua saba, mengine yanajirudia. Neno moja kabla sijaanza: hepesi, ndo inayoleta malengelenge hayo, sio ugonjwa mmoja, ni ukoo mzima wa virusi, vinavyokaa kwa binadamu viko 9, na ukoo huu wote una tabia moja, kikishaingia mwilini hakitoki, kinatafuta pa kulala. Mkilishika hilo basi majibu mengi hapa chini mtayaona yanakuja yenyewe.

Shikamoo mama nesi. Kila nikiugua malaria, homa ikianza kushuka mdomo unanitoka malengelenge, tena pembeni upande wa kushoto tu. Bibi anasema ni homa inatoka, mume wangu kasikia mahali kuwa ni ugonjwa wa zinaa sasa nyumbani hakukaliki. Nani mkweli? (Dada wa Makorora)

Marahaba mwanangu. Bibi yako yuko karibu na ukweli kuliko mumeo, mwambie nimesema mimi.

Hicho ni kirusi cha hepesi simpleksi aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanacho watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50, yaani kati ya watu watatu wawili wanacho, na wengi walikipata utotoni kwa mate, shangazi kakubusu, mmekula kijiko kimoja, mmenyang'anyana embe na mtoto wa jirani. Sasa pale mwanzo kinazaliana kwenye ngozi ya mdomo, alafu kinaingia kwenye ncha ya neva. Hapo fikiria reli ya Tanga kwenda Korogwe. Mdomo wako ndo Tanga. Kirusi kinapanda behewa pale, na neva zina wapagazi wao, protini zinazobeba mizigo kutoka ncha mpaka kwenye kiini cha seli, basi kinabebwa mpaka Korogwe ambayo ni fundo la neva za uso, liko ndani ya fuvu usawa wa mbele ya sikio, moja kila upande. Kikifika kinavua koti, DNA yake inaingia ndani ya kiini inajikunja duara kama kikuku, na karibu jeni zote zinazimwa. Hakitengenezi protini, hakizaliani, hakifanyi fujo, askari wa kinga ya mwili wanapita wanaona seli ya kawaida tu. Kinaweza kukaa hivyo miaka mingi sana.

Ikija homa kali, jua kali (wavuvi mnajua hili), uchovu, hedhi, mawazo, kinaamka. Virusi vipya vinapanda reli ile ile kurudi Tanga. Na kwa kuwa reli ni ile ile ndo maana wewe kila mara ni kushoto, kona ile ile. Kwaiyo bibi kaona kitu cha kweli, homa na malengelenge vinafuatana, ila sio homa inayotoka, homa imemuamsha aliyelala.

Kwa mumeo sasa: yawezekana sana na yeye anacho na hajawahi kutokwa na kitu. Ila nisiwafiche, aina hii ya mdomoni inaweza kuhamia sehemu za siri mkifanya mambo ya mdomo wakati lengelenge liko wazi, hivyo siku hizo mjizuie, na usibusu mtoto mchanga hata awe wa dada yako, kichanga kikipata hepesi ni hatari ya kufa. Lengelenge likikauka maisha yanaendelea.

Nesi, hujambo. Nina mkanda wa jeshi ubavuni siku ya pili leo, maumivu kama nimemwagiwa mafuta ya kukaangia. Jirani kaniambia upande wa pili ukitokea ukikutana nafariki, na kwamba kuna mtu kanitengenezea. (Mzee wa Pongwe)

Shikamoo baba. Sijambo, na pole. Usisome haya mpaka mwisho, mwite kijana akupeleke hospitali kwanza, nakueleza sababu mbele.

Hakuna aliyekutengenezea. Ulishawahi kuugua tetekuwanga, pengine ukiwa mdogo hata hukumbuki, ndo mwenyewe huyo amerudi. Tetekuwanga ilipopona kirusi chake, ambacho nacho ni cha ukoo wa hepesi, kilipanda neva kikalala kwenye mafundo yaliyojipanga kando ya uti wa mgongo, yako kulia na kushoto, kila fundo na kipande chake cha ngozi. Umri ukienda kinga inayokilinda inalegea, kinaamka fundo moja tu, kinashuka na neva ya fundo hilo kuzunguka ubavu mpaka kifuani au tumboni. Ndo maana unakuta mstari kama mkanda, na unaishia katikati ya mwili kwa sababu neva za kulia zinaishia hapo na za kushoto ni za fundo lingine. Hiyo habari ya kukutana mimi nimekaa wodini miaka 31, nimeisikia kila mwaka, sijamuona aliyekufa kwa mkanda kukutana. Watu wanasema hivyo kwa kuwa maumivu yenyewe yanatisha, na ni kweli yanatisha, kirusi kinaumiza neva yenyewe sio ngozi peke yake.

Haraka yangu ni hii: vidonge vya asikloviri vinafanya kazi vizuri vikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Dozi ya mkanda ni kubwa, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, sio ile ndogo ya mdomoni, na mwenye matatizo ya figo hupunguziwa, kwaiyo usinunue mwenyewe dukani. Ukichelewa upele utakauka wenyewe ila maumivu yanaweza kubaki miezi, wazee ndo yanawaganda zaidi. Mkanda ukitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua hapo ni mbio kabisa, neva hiyo inakwenda na jichoni. Na akiupata kijana tunashauri apime VVU, sio kumnyanyapaa, ni kwamba kinga ikishuka mapema kirusi kinaamka mapema. Wewe baba kwa umri wako sio lazima iwe hivyo, kule Marekani wanahesabu mtu 1 kati ya 3 ataupata maishani.

Malengelenge yakiwa bado na maji yafunike, wajukuu ambao hawajaugua tetekuwanga wasikushike. Hawatapata mkanda, watapata tetekuwanga.

Mtoto ana tetekuwanga, mama mkwe kakataza asioge eti itaingia ndani. (Mama wa Mabawa)

Aoge. Maji ya vuguvugu, mkate kucha, nguo nyepesi ya pamba, homa mpe parasetamoli. Aspirini usimpe kabisa, kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa wa ini na ubongo. Shule abaki mpaka vipele vyote vikauke magamba. Na kuingia ndani, mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba kimeshaingia, aoge asioge.

Nimepimwa nikaambiwa nina hepesi aina ya pili, nilikuwa na vidonda sehemu za siri. Mke wangu hana dalili yoyote. Ina maana mmoja wetu katoka nje juzi juzi? Na kuna jamaa anauza chupa ya mitishamba elfu 80 anasema inaondoa kabisa. (Kaka wa Chumbageni)

Mdogo wangu, elfu 80 kaa nayo. Ntakueleza kwanini hawa watu wanapata wateja. Vidonda vya hepesi vinapona vyenyewe, mara ya kwanza wiki mbili tatu, vikirudi vinapona haraka zaidi. Kwaiyo ukinywa mwarobaini vitapona, ukinywa soda vitapona, na aliyekuuzia ndo anasifiwa. Baada ya miezi vinarudi anakwambia ulikatisha dozi.

Dawa ya kweli ni asikloviri tena nayo haiondoi. Imeundwa kwa akili sana, mmoja wa waliokuwa nyuma yake ni mama mmoja wa Marekani, Gertrude Elion, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kidonge ukimeza kinasambaa mwili mzima kikiwa hakina makali, mpaka kiingie kwenye seli ambayo kirusi kinazaliana, pale kimeng'enya cha kirusi chenyewe (protini yake ya kufanyia kazi) ndo kinakiwasha, na kikiwaka kinakata uzi wa DNA unaotengenezwa. Yaani kirusi kinajichongea kisu. Lakini kile kilicholala kwenye fundo la neva chini ya kiuno hakizaliani, hakitoi kimeng'enya, kidonge kinapita kama hakuna kitu. Kama dawa iliyopimwa hospitali dunia nzima haikigusi kikiwa kimelala, chupa ya mtaani itakifikia kwa njia gani?

Habari ya nani katoka nje: kipimo cha damu kinaonesha mwili ulishakutana na kirusi, hakisemi lini. Unaweza kuambukizwa leo vidonda vya kwanza ukaviona baada ya miaka, na wengi hawavioni kabisa. Duniani wenye aina ya pili kati ya umri wa miaka 15 na 49 wanakadiriwa milioni 520, wengi wao hawajui. Kirusi kinaweza kutoka kwenye ngozi kimya kimya bila kidonda na kumpata mwenzio. Mimi nimeona ndoa zimevunjika kwa karatasi ya maabara ambayo haisemi hicho walichoisomea. Kaa na mkeo muongee, na yeye apime akitaka.

Ila kuna jambo zito. Hepesi hii inaongeza hatari ya kupata VVU karibu mara 3, kwa sababu ngozi inafunguka na pale pale zinajaa seli ambazo VVU inazitafuta. Watu wakawaza basi tuwape asikloviri kila siku tuzuie VVU. Wakajaribu hapa hapa kwetu, kwa wanawake wa kaskazini magharibi mwa nchi, matokeo yakatoka 2008, haikusaidia. Kondomu inapunguza ingawa haifuniki kila mahali. Vidonda vikikurudia mara kwa mara daktari anaweza kukupa vidonge vya kila siku, vinapunguza kurudi.

Nina ujauzito wa miezi 8 na mimi nina hiyo hepesi tangu zamani. Mtoto atakuwa salama? (Hakutaka nitaje anapokaa)

Kwa wewe wa zamani hatari ni ndogo, mwili wako umeshatengeneza kinga na mtoto anapewa sehemu yake. Hatari kubwa ni kwa anayeambukizwa mara ya kwanza miezi ya mwisho. Waambie kliniki, usione haya, wanaweza kukuanzishia asikloviri kuanzia wiki ya 36, na uchungu ukianza ukiwa na kidonda au unahisi kinachoma utafanyiwa upasuaji.

Mama nesi, shuleni kwetu mtoto wa miaka sita taya limevimba wiki mbili tu limekuwa kubwa, meno yanacheza. Kwao wanasema jino bovu. (Mwalimu, Muheza)

Mwalimu, huyo apelekwe hospitali ya mkoa leo sio kesho. Yawezekana ni jino kweli, lakini taya la mtoto wa umri huo kuvimba kwa kasi hivyo na meno kulegea tunaogopa limfoma ya Burkitt, ni moja ya saratani zinazokua haraka kuliko zote, na uzuri wake dawa za saratani zinaiyeyusha vizuri ikiwahiwa.

Na hii nayo ni mambo ya ukoo wetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Uganda, 1958 akaandika kuhusu mataya haya, alafu 1961 akaingia barabarani na gari kuzunguka hospitali za Afrika Mashariki mpaka kusini kuuliza nani kayaona. Akakuta yako nchi za joto na mvua, ukipanda milimani kwenye baridi yanapotea. Huku London watafiti Epstein, Achong na Barr wakatazama seli za uvimbe ule kwa hadubini ya elektroni wakakuta kirusi cha hepesi, 1964. Kirusi cha Epstein-Barr tunacho karibu watu wazima wote, chenyewe hakilali kwenye neva, kinalala kwenye chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga. Wengi hakiwafanyi kitu. Tatizo ni malaria ya kila mara, inazisukuma zile chembe zizaliane ovyo huku inawachosha askari wanaozichunga, siku moja moja inakosea kunakili jeni, saratani inaanza. Kwaiyo chandarua Muheza kina kazi mbili.

Wenzetu wafugaji wanasema nyumbu akizaa, ng'ombe wakipita pale wanakufa kwa kutoka makamasi na macho kuwa meupe. Ni hepesi pia? (Mfugaji, Handeni)

Hii imenifurahisha, na ni ndiyo. Nyumbu ana hepesi yake, yeye haimsumbui, wamezoeana. Wamasai walijua zamani sana kuhamisha ng'ombe msimu wa nyumbu kuzaa, wakilaumu kondo la nyuma. Kinachoambukiza hasa ni makamasi na machozi ya ndama wa nyumbu miezi yake ya mwanzo. Kikimuingia ng'ombe ni mgeni, mwili unachanganyikiwa, anakufa karibu kila anayeugua. Ila ng'ombe mgonjwa hamuambukizi mwenzake, kwaiyo usichinje zizi zima kwa hofu. Hamisha tu malisho kama walivyofanya wazee.