Maswali na Majibu: Springi Iliyogoma Kunyumbuka

SWALI: Pikapu yangu ina springi za majani matano (vipande bapa vya chuma vilivyopangwa pamoja) nyuma. Nimefunga sheko (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesi) ndefu kwa sentimita 5 zaidi, lakini kwenye mawe tairi moja bado linaning'inia hewani. Fundi anasema nitoe majani mawili. Nimsikilize?

JIBU: Usitoe kwanza. Sheko ndefu imeinua gari kama sentimita 2.5 tu, springi yenyewe imebaki ngumu vilevile.

Adui wa kwanza ni msuguano. Fungua springi, tenganisha majani, kisha tazama ncha zake. Mara nyingi kila ncha huwa imechimba kijishimo kwenye jani la juu yake, na kutu imejaa humo. Hapo ndipo majani yanapogandana. Yasugue kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, lainisha vijishimo, kisha viringisha kona za ncha kwa grainda. Nenda polepole: chuma kikigeuka bluu, ujue joto limekwisha kukiharibu. Kati ya kila ncha na jani la juu yake weka kipande cha plastiki ngumu inayoteleza. Grisi peke yake hunasa mchanga, ikageuka msasa.

Klipu zinazoshika majani ziachie nafasi kidogo ili majani yateleze, lakini usizitupe. Bila klipu, tairi likishuka jani kuu hubeba ekseli peke yake, na hilo ndilo litakalovunjika.

Sasa kagua shokapu. Tegemeza chesi kwenye stendi imara, ekseli ikiwa juu ya jeki, fungua shokapu kwa chini, kisha shusha jeki taratibu huku ukitazama hozi ya breki isivutike. Ekseli ikishuka zaidi ya pale shokapu ilipofikia, basi ulikuwa unailaumu springi bure. Tafuta shokapu ndefu zaidi, na hozi ndefu pia.

Ukirudisha springi, tumia bushi (pete za kwenye masikio ya springi) za raba. Zile za plastiki ngumu hazikubali kujipinda springi inapolala upande. Bolti zake zikaze gari likiwa limesimama juu ya matairi yake. Ukizikaza likiwa juu ya stendi, raba hubaki imejisokota muda wote na kupasuka mapema.

Na majani? Ugumu wa jani hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu, yaani unene ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara nane (2 × 2 × 2): jani moja la milimita 10 ni gumu sawa na majani manane ya milimita 5 yenye upana na urefu uleule. Kwa hiyo anayetaka mnyumbuko huagiza majani mengi membamba. Ukipunguza tu yaliyopo, gari linapoteza uwezo wa kubeba, na ukikanyaga mafuta mlimani springi hujipinda kama herufi S, krosi ya propela (kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ikavunjika.

SWALI: Yubolti za zamani (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) naweza kuzirudisha?

JIBU: Hapana. Zilivutika zilipokazwa mara ya kwanza, hazitashika tena sawasawa. Funga mpya, kaza kwa mkingamo (kona kwa kona), kaza tena baada ya kilomita 100 hivi. Zikilegea, senta bolti (bolti ya katikati inayounganisha majani) hukatika na ekseli huhama mahali pake.

SWALI: Kufungua stabilaiza ya mbele (fimbo ya chuma inayounganisha pande mbili za gari lisilale) kunasaidia?

JIBU: Sana, maana ndiyo inayolizuia tairi moja kushuka huku jingine likipanda. Fungua linki zote mbili na ufunge ncha zisigonge hozi. Irudishe kabla ya kuingia barabara ya mwendo kasi, kwani bila hiyo gari hulala mno kwenye kona.