Jibu: Biodizeli ya mafuta ya chipsi, nitajuaje kama imeiva?

Ndugu, umeuliza kama biodizeli yako, yaani dizeli uliyotengeneza kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, inafaa kuuzia wenye jenereta, kwa kuwa inaonekana safi. Macho hayatoshi. Anza na kipimo cha 3/27: mimina mililita 3 za biodizeli kwenye mililita 27 za methanoli (ile alkoholi ya kutengenezea biodizeli), tikisa, acha itulie. Matone yakitua chini, hayo ni mafuta ambayo hayajageuka biodizeli, rudia kazi. Fanyia nje na uvae glavu, tafadhali. Methanoli ni sumu, hupofusha, na moto wake mchana hauonekani vizuri.

Lakini kipimo hicho hakigundui methanoli iliyobaki ndani, na hiyo ndiyo inayonitia hofu, maana hufanya mafuta yashike moto upesi. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka isizidi asilimia 0.20, na maji yasizidi miligramu 500 kwa kilo. Hapo ni maabara tu.

Kuuza je? Ukiwa Kenya, waone kwanza EPRA (mamlaka ya nishati na petroli) na KEBS (shirika la viwango). Tanzania, EWURA (mamlaka ya nishati na maji) na TBS (shirika la viwango). Hata dumu moja usiuze kabla.