Maswali ya Wasomaji: Kijana anapoingia kwa daktari na mzazi wake

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati. Vijana wa miaka 14 hadi 17 huletwa na wazazi, hujibu "ndiyo" na "hapana", kisha hatuwaoni tena. Tumebandika mabango, tumeweka hata televisheni. Wanataka nini?

JIBU: Wanataka siri, na siri huanza kuvuja mapokezi. Kijana akiulizwa kwa sauti "Unaumwa nini?" na jirani yake yuko kwenye foleni, atasema "kichwa". Atapewa dawa ya kichwa, na kilichomleta atarudi nacho nyumbani. Hapo dirishani jina na kadi vinatosha.

Ndani, msikilizeni mzazi kwanza: chanjo, magonjwa ya nyuma, wasiwasi wake. Kisha atoke. Msimuulize kijana mbele ya mama, "Unataka mama atoke?" Ni wachache watakaothubutu kukubali. Semeni: "Mama, vijana wote wa umri huu tunazungumza nao kidogo peke yao, tutakuita." Ukiwa utaratibu wa wote, hakuna anayeshukiwa.

Kabla ya swali lolote, mwambieni mipaka: "Tutakayosema yanabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini, kuna anayekudhuru, au unataka kumdhuru mtu." Msiahidi zaidi ya hapo. Siku mtakayolazimika kusema, mtampoteza yeye na rafiki zake wote. Sheria ya ridhaa ya mzazi nayo muijue vizuri, maana hutofautiana kwa nchi na kwa huduma.

Anzeni na mepesi: nyumbani, shule, usingizi, marafiki. Pombe, mapenzi na huzuni vifuate. Kuhusu kujiua ulizeni waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Mahali panaposahaulika sana ni simu. Majibu ya kipimo yakitumwa kwenye simu ya mama, kazi yote imeharibika. Muulizeni: "Nikutafute kwa namba ipi, na nani mwingine huishika simu hiyo?"

SWALI: Nina miaka 16. Nikitoka shule kliniki imefungwa. Nifanyeje?

JIBU: Waombe wafungue jioni moja kwa wiki, mwende wawili watatu kusema hivyo. Si utovu wa adabu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2015 vinataka vijana washirikishwe kupanga huduma zao. Ombeni pia mlango usiandikwe "magonjwa ya zinaa", maana anayeuingia huwa ameshatangazwa.