Radiali nne za juu zinatosha, mradi mkondo ugawanyike sawasawa

Aliyeuliza anataka kujua iwapo radiali nne zilizoinuliwa, yaani waya zinazotoka kitakoni mwa antena kwenda pande mbalimbali zikiwa hewani, zinaweza kushika nafasi ya waya nyingi za kuzikwa chini ya antena ya wima ya bendi ya redio ya mita 40 (karibu megahezi 7), kwa kuwa kiwanja chake ni mwamba wa matumbawe usiochimbika. Ninaishi pwani juu ya mwamba wa namna hiyohiyo, na jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba waya zote nne zibebe mkondo wa umeme ulio sawa.

Utafiti wa Brown, Lewis na Epstein wa mwaka 1937 ndio uliozoesha vituo vya utangazaji kutandaza waya 120 chini ya mnara. Hata hivyo, vipimo ambavyo Rudy Severns, mwanaredio wa ridhaa mwenye alama ya wito N6LF, alianza kuvichapisha mwaka 2009 vilionyesha kwamba radiali nne zilizoinuliwa hukaribiana sana na waya 64 zilizolazwa ardhini. Waya ya ardhini hutawaliwa na udongo, kwa hiyo urefu wake hausumbui na kinachotafutwa ni wingi, ilhali waya iliyo hewani ina resonansi kali, yaani huitikia vizuri masafa yanayolingana na urefu wake tu, na haina budi kupimwa.

Kwa masafa ya megahezi 7.1 kila radiali huwa na takriban mita 10, na waya yenye ganda la plastiki hupungua kidogo. Mimi huzifunga mbilimbili zinazoelekeana, nikazipima kama daipoli ya kulala (antena ya waya mbili zinazonyooka pande mbili kutoka katikati) palepale zitakapokaa, nikazikata kwa usawa hadi zifikie masafa ninayoyataka, kisha nikaunganisha waya ya wima na kurekebisha hiyo peke yake.

Baada ya hapo pima mkondo wa kila radiali kwa koili ndogo iliyozungushwa kwenye kiini cha feraiti, yenye dayodi na mita ya sindano. Kwangu radiali iliyopita karibu na paa la mabati ilibeba mkondo tofauti kabisa na wenzake, ingawa zote zilikatwa kwa urefu mmoja, na kifaa cha SWR (uwiano unaoonyesha jinsi antena inavyolingana na kebo, 1:1 ikiwa ndiyo bora) hakikuonyesha dalili yoyote. Kuisogeza mbali na mabati ndiyo dawa. Nafasi isiporuhusu, ongeza radiali hadi 8 au zaidi, kwani zikiwa nyingi kasoro ya moja hupungua nguvu.

Ninasisitiza hili kwa sababu SWR hupotosha. Antena ya robo ya wimbi ina ukinzani wa mnururisho (ule unaowakilisha nguvu inayotoka kama mawimbi) wa omu 36 hivi, na ardhi mbovu ikiongeza omu 14 za upotevu, kifaa kitasoma omu 50, SWR itakuwa 1:1, na zaidi ya robo ya nguvu yako itakuwa inapasha moto mawe. Ukiona 1.4:1 kwenye radiali za juu, usihangaike.

Usiache pia kuweka choki ya feraiti, yaani kizuizi cha mkondo wa nje ya kebo, kwenye kebo ya koaksi inayotoka redioni, pale inapoungana na antena, kwa kuwa bila hiyo ganda la nje la kebo hugeuka radiali ya tano isiyopimwa na kuvuruga mgawanyo wote. Zangu nimeziinua mita 2.5, kwani ncha za radiali hubeba mamia ya volti hata kwa wati 100, na uani hupita watoto na hutundikwa kamba za nguo.