Filamu yako ilianza pale ulipogeuka

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Mwezi wa pili nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nilijibana miaka mitatu kupata nauli na ada za safari ile, na nia yangu ilikuwa kutengeneza dokumentari niwaonyeshe wanafunzi wangu. Usiku wa kwenda kileleni, mbele kidogo ya Pango la Hans Meyer, nilianza kutapika na kuyumba. Kiongozi msaidizi akasema basi, tunashuka. Niliingia kibanda cha Kibo saa kumi alfajiri nikilia. Sasa nina saa 11 za video kwenye simu na kilele hakimo. Kaka zangu wanasema filamu ya mlima bila kilele ni harusi bila bibi harusi. Nizifute?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usifute hata sekunde moja.

Kwanza, yule kiongozi alifanya kazi yake. Kule juu shinikizo la hewa linakaribia nusu ya lile la pwani. Mtu akitapika na kushindwa kutembea mstari ulionyooka, huenda ubongo umeanza kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane na hata kama mtu analia. Hukushindwa na mlima. Uliokolewa na mtu, na mtu huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Mimi mlima huo niliujua kwanza nikiwa na mzigo kichwani. Nilikuwa mgumu, ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi wa Kilimanjaro, kwa miaka saba kabla sijashika kamera. Mwaka mmoja tulipandisha watengeneza filamu kutoka ng'ambo kwa njia ya Machame. Fungu langu lilikuwa sanduku la betri na stendi ya kamera. Mvua ilitunyeshea siku mbili mfululizo. Mimi nililowa, sanduku halikulowa, kwa sababu koti langu la mvua nililivika sanduku. Filamu ilipotoka, rafiki alinitafutia nakala, nikakaa na mama yangu sebuleni kuitazama. Wagumu tulionekana sekunde chache tu, kwa mgongo, tukiimba na kupiga makofi. Mama akauliza, "Wewe ni yupi hapo?" Sikuweza kumwonyesha. Usiku ule niliamua kujifunza kazi hii, na nikasema sitamwonyesha mtu kwa mgongo tu kama uso wake nimeuona.

Sasa kuhusu kilele. Kuna filamu ya mwaka 2003 iitwayo *Touching the Void*. Inasimulia habari za Waingereza wawili, Joe Simpson na Simon Yates, waliopanda Siula Grande kule Peru mwaka 1985, mlima wenye mita zaidi ya 6,300. Kileleni walifika, lakini hakuna anayeikumbuka filamu ile kwa sababu hiyo. Yote yaliyomo yenye uzito ni ya kushuka: Simpson kuvunjika mguu, Yates kulazimika kukata kamba iliyowaunganisha, Simpson kutumbukia ndani ya ufa wa barafu na kutambaa siku kadhaa mpaka kambini, mwenzake akiamini ameshakufa. Na hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini, mwalimu: mkasa ule haukupigwa picha ulipotokea. Karibu miaka 20 baadaye waliwaketisha wahusika mbele ya kamera, wakasimulia, kisha waigizaji wakaigiza mlimani. Nguvu ya filamu imo katika zile nyuso zinazosimulia. Wewe una saa 11 za video na kumbukumbu bado mbichi, na bado unajiona huna kitu.

Mfano wa pili ndio ulio karibu zaidi na moyo wangu. Mwaka 2014 mwongozaji wa Australia, Jennifer Peedom, alikwenda Everest kutengeneza filamu inayoutazama msimu wa kupanda kwa macho ya Masherpa, wenyeji wa milima ya Nepal wanaowapandisha wageni. Mtu mkuu alikuwa Phurba Tashi, aliyekuwa ameshafika kileleni mara 21. Tarehe 18 Aprili barafu iliporomoka na kuua watu 16 waliokuwa kazini, wakipandisha vifaa vya wageni. Wenzao wakagoma kuendelea, msimu ukafungwa upande ule wa Nepal, na Phurba Tashi hakupanda mara ya 22. Filamu ya *Sherpa* ikatoka mwaka 2015 bila bendera kileleni. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote ya mlima, na kila mara mama yake Phurba anapozungumza namkumbuka mama yangu sebuleni.

Basi fanya hivi. Chukua daftari, si kompyuta. Tazama saa zote 11 na uandike kila klipu: dakika ya ngapi, nani anaonekana, nani anasema nini. Itakuchukua wiki, na utachoka. Usirukeruke. Nina hakika mule ndani utamkuta yule kiongozi msaidizi mara nyingi kuliko unavyodhani: akikufunga kamba ya kiatu kwenye vibanda vya Horombo, akikuuliza kama umekunywa maji, akikaa kimya ukilalamika. Watengeneza filamu wengi hutupa vipande hivyo kwa kuwa "havina tukio". Mimi hapo ndipo ninapoanzia.

Kisha mtafute mwenyewe. Panda basi uende Marangu, si kwa kupanda mlima tena, kwa kuongea naye tu. Mkae nyumbani kwake ikiwa ataridhia, au mahali anapopapenda. Muulize usiku ule aliona nini kwako kabla hujajiona wewe mwenyewe. Muulize amewashusha wangapi. Muulize kama kuna ambaye hakutaka kushuka. Weka simu kwenye stendi, kaa pembeni yake, mtazame yeye na si kioo cha simu. Akinyamaza, nyamaza nawe. Usikimbilie swali jingine. Kimya cha mtu wa mlimani huwa kina jambo nyuma yake.

Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi na tena baada ya kumaliza kuhariri. Mwonyeshe sehemu zake. Akisema "hii itoe", itoe. Jina lake liandikwe kwenye filamu vilevile alivyotaka liandikwe. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na kwa miaka mingi vitabu vilitaja hao wawili vikanyamaza. Sisi wa upande wa Marangu tulikua tukilisikia jina la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichaga anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Watu hawasahauliwi hivi hivi tu. Kuna anayeshika kalamu au kamera na kuwaacha nje.

Ufundi nitausema kwa kifupi, maana umeniuliza jambo kubwa kuliko ufundi. Sauti uliyorekodi pale penye jangwa kati ya Mawenzi na Kibo itakuwa imejaa upepo, usihangaike kuisafisha. Keti chumbani penye nguo nyingi zilizotundikwa, zinameza mwangwi, usimulie mwenyewe usiku ule, kwa maneno unayowaambia kaka zako na si ya televisheni. Sauti hiyo iweke juu ya picha za giza zinazotikisika. Utashangaa zilivyo nzuri. Filamu nzima isizidi dakika 20. Na mara nyingine ukipanda mahali penye baridi, betri za akiba lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, zigusane na mwili, la sivyo alfajiri utazikuta zimekwisha bila kutumika.

Kaka zako waambie harusi ilikuwepo. Hawakumjua bibi harusi.

SWALI: Shikamoo, mzee. Niko chuo, Arusha. Nimenunua droni kwa ajili ya dokumentari yangu ya kupanda milima. Naweza kuirusha Kilimanjaro bila usumbufu?

JIBU: Marahaba. Bila kibali, hapana, na usijaribu kuificha kwenye begi; mizigo inakaguliwa na kupimwa getini. Droni ina kibali chake kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kurekodi ndani ya hifadhi kuna kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na filamu yenyewe inakwenda Bodi ya Filamu. Anza miezi kadhaa kabla. Kama ni filamu yako ya kwanza, ushauri wangu ni uiache nyumbani. Picha ya angani inapendeza kwa sekunde 10, halafu mtazamaji anataka kumwona mtu. Fedha ya vibali nunulia maikrofoni nzuri.

SWALI: Assalaamu alaikum, kaka. Ninaishi Muscat. Wazazi wangu walitoka Pemba baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, mama akiwa msichana mdogo. Mwaka huu nitakwenda kwa mara ya kwanza kutafuta nyumba ya babu, na nataka nirekodi safari yote. Mama mzee sasa, hawezi kusafiri. Nianzie wapi, uwanja wa ndege au bandarini Mkoani?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Wala si uwanja wa ndege, wala si Mkoani. Anzia jikoni kwa mama yako, wiki hii, kabla hujakata tiketi.

Mwombe akueleze njia. Usimuulize habari za mapinduzi wala za kuondoka. Hayo yakija yatakuja yenyewe, na yasipokuja usiyavute. Muulize njia tu: ukitoka barabarani unapita wapi, mkono gani kuna kisima, harufu ya karafuu ilianzia wapi, mlango ulikuwa wa rangi gani, nani alikaa nyumba ya pili. Mrekodi akiwa anafanya kazi ya mikono, anachambua mchele au anakuna nazi, maana mikono ikiwa na kazi kumbukumbu hutoka kwa utulivu. Rekodi saa nzima, zaidi akitaka. Akijichanganya, asahihishe mwenyewe, wewe usimsahihishe.

Sauti hiyo iweke kwenye simu. Ukishuka Pemba, vaa kisikilizio sikio moja, sikio la pili liachie mahali penyewe, na utembee ukimfuata mama. Yeye anasema kata kulia, wewe unakata kulia na kamera mkononi. Pale ambapo maneno yake na unachokiona vinalingana, simama kidogo.

Na pale visipolingana, aliposema pana mwembe na wewe unaona duka la simu, usizime kamera. Ingia dukani, salimia, sema wewe ni mjukuu wa nani, umwombe mwenye duka asikilize naye sauti ya mama. Mpe kisikilizio. Mrekodi akisikiliza.