Maswali Yenu Kuhusu Chunusi: Chakula, Mafuta ya Nywele na Vidole Visivyotulia

Barua nyingi za safari hii zinahusu chunusi, na karibu kila moja inamtafuta mchawi kwenye sahani ya jana. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo dada. Juzi usiku nilikula chokoleti, asubuhi nikaamka na chunusi mbili kidevuni. Niache kabisa? (Msichana, miaka 19)

Marahaba mdogo wangu. Usiiharakishie hukumu chokoleti hiyo. Chunusi haizaliwi kwa usiku mmoja. Kwanza seli zilizokufa zinagandamana na mafuta ya ngozi ndani ya kitundu cha unywele, kitundu kinaziba, bakteria wanaoishi humo siku zote wanaongezeka, kisha mwili unapambana nao na hapo ndipo panapovimba na kuuma. Kwa kawaida safari hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo chunusi unazoziona leo huenda zilishaanza kabla hujaifungua hiyo chokoleti.

Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliwapa watu 65 chokoleti, na kwa kulinganisha wakawapa kipande kingine kisicho na kakao. Hawakuona tofauti, na kwa miaka mingi watu wakaambiwa chakula hakihusiki na chunusi. Kasoro ni kwamba kile kipande cha pili kilikuwa na sukari na mafuta yanayokaribiana na ya chokoleti. Tafiti ndogo za baadaye zimeonyesha kuwa kakao yaweza kuwachochea baadhi ya watu. Ukitaka kujua kama nawe ni mmoja wao, iache kwa miezi miwili au mitatu bila kubadilisha kitu kingine, halafu uitazame ngozi yako. Siku mbili hazitoshi.

Basi ni chakula gani hasa kinacholeta chunusi? (Msomaji wa kiume)

Chenye ushahidi mzuri kuliko vingine ni sukari, pamoja na wanga unaogeuka sukari haraka mwilini: soda, juisi zilizotiwa sukari, peremende, keki, mkate mweupe. Ukila hivyo, sukari hupanda ghafla kwenye damu na mwili humwaga kwa wingi insulini, homoni inayoishusha sukari hiyo. Insulini hiyo, pamoja na homoni ya ukuaji inayoshabihiana nayo, huzichochea tezi za ngozi kutoa mafuta zaidi na kuzifanya seli za kwenye vitundu ziongezeke upesi.

Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanyika Melbourne, Australia, kwa vijana wa kiume 43 wa miaka 15 hadi 25. Kundi moja lilipewa protini zaidi na wanga usiopandisha sukari haraka, lingine likaendelea na vyakula vya wanga mwingi. Baada ya wiki 12, waliobadilisha chakula walikuwa wamepungukiwa chunusi zaidi ya wenzao. Nakuambia pia kwamba walipungua uzito, na huenda hilo nalo lilichangia. Hata hivyo ukinibana nikutajie badiliko moja tu la kuanzia, nitasema vinywaji vyenye sukari. Ni rahisi kuviacha na mwili hauvikosi.

Vyakula vya kukaanga? Mafuta unayoyala hayapandi moja kwa moja yakatokeze usoni. Anayesimama karibu na karai la mafuta siku nzima, mvuke ukimrukia usoni, huyo ana sababu ya kulalamika.

Nafanya mazoezi na nakunywa unga wa protini. Mgongo na mabega vimejaa chunusi. Ni jasho?

Kaka, jasho linaweza kuchangia ukikaa na fulana iliyolowa, kwa hiyo oga mara umalizapo. Lakini uchunguze huo unga. Ule unaotokana na maziwa umehusishwa na chunusi kwa vijana kadhaa, na kwa baadhi yao ngozi ilitulia walipouacha. Maziwa yenyewe nayo, hasa yaliyoondolewa mafuta, yameonekana kwenda pamoja na chunusi katika tafiti kubwa, ingawa haijathibitika kuwa ndiyo chanzo. Soma pia vidonge vyako vya vitamini: B12 kwa dozi kubwa huwatoa chunusi baadhi ya watu.

Mwanangu wa miaka 15 ana chunusi uso mzima. Namwambia anawe kwa sabuni mara tano kwa siku na anywe maji mengi asafishe damu, lakini hazipungui. (Mama)

Dada yangu, nakuomba umpunguzie mzigo huo. Chunusi si uchafu, na damu yake si chafu. Hata vile vidoto vyeusi puani si taka. Ni mafuta na seli vilivyoziba kitundu, na weusi wake unatokana na rangi ya ngozi na kukutana na hewa. Kunawa mara tano kwa sabuni kali kunakausha na kuchubua ngozi, na uvimbe unazidi. Mara mbili kwa siku zinatosha, na mara nyingine akitoka jasho, kwa sabuni laini na kwa viganja vyake, bila dodoki. Maji anywe kwa afya yake, lakini hayatibu chunusi.

Umri huo homoni zimepamba moto na yeye hakujitakia. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi kwamba hajanawa vizuri huanza kuficha uso, na maumivu hayo hudumu kuliko chunusi.

Zangu ziko kwenye paji la uso tu, karibu na nywele.

Unapaka nini kichwani? Mafuta mazito ya nywele hushuka hadi kwenye paji na kuziba vitundu. Madaktari wa ngozi wameyaeleza haya tangu mwaka 1970. Saa sita mchana pitisha kidole kwenye paji lako. Kikiteleza na kunukia kama nywele zako, pa kuanzia ni hapo. Paka kwenye nywele na kuacha ukingo wa paji, na ufue foronya na kitambaa cha kichwa mara kwa mara. Kofia na helmeti zinazobana husugua ngozi, nazo huleta chunusi pale pale zinapogusa.

Kila nikikaribia mitihani zinaripuka. Ni mawazo yangu tu?

Hapana. Utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha chunusi zikizidi wakati wa mitihani, hasa kwa waliokuwa na msongo mkubwa. Lala mapema kadiri unavyoweza, na angalia mikono: mtu mwenye wasiwasi hushika kidevu bila kujijua.

Nizitumbue, au nipake dawa ya meno na limau?

Usifanye lolote kati ya hayo. Ukikamua, usaha mwingine husukumwa ndani zaidi, na ngozi nyeusi hubaki na doa la miezi mingi. Limau huunguza, dawa ya meno huwasha. Na krimu za kung'arisha zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, zikae mbali kabisa na uso wako. Hizo zenyewe huleta chunusi.

Muulize mfamasia dawa ya kupaka ya chunusi iitwayo benzoili peroksaidi, ya asilimia 2.5. Huwa inafanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, na inawasha kidogo. Paka safu nyembamba eneo lote lenye chunusi, na uangalie isiguse nguo kwani huzipausha. Ipe wiki 8 hadi 12. Kama zinatoka kubwa, za ndani na zenye maumivu, au zinaacha mashimo, usizisubiri wiki hizo. Nenda kwa daktari wa ngozi sasa, maana mashimo ni magumu kuyaondoa. Na kama una mimba au unatarajia kuipata, mwambie daktari kabla hajakuandikia dawa yoyote.