Kabla hujamwambia mtu apige skupu mbili

Jumanne usiku niliingiwa na ujumbe wa kijana mmoja anayesoma maandishi yangu. Ameuandika kwa pumzi moja, bila nukta: "Kaka shikamoo nimeona picha zako naomba uniandikie vyote unavyotumia na kiasi chake nataka mwili kama wako ndani ya miezi mitatu."

Sitajidai, nilifurahi. Nilimwonyesha mpaka mke wangu, naye akaniambia nipunguze kujiona. Lakini mtu aliyenyanyua vyuma miaka tisa akisifiwa mwili, halafu akasema hajali, huyo mwongo. Nikakaa kitako nikaanza kumwandikia. Kreatini, kirutubisho cha kuongeza nguvu za misuli, gramu tano kila siku. Unga wa protini baada ya mazoezi. Nikafika kwenye ule unga wa kabla ya mazoezi, wenye kafeini, kidole kikagoma. Nikafuta yote.

Aliyenigomesha ni kijana mwingine. Nitamwita Dogo, maana jimu nzima ilimwita hivyo.

Enzi hizo mimi ndiye niliyekuwa mshauri wa jimu, ingawa hakuna aliyeniteua. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mwembamba wa kuchekwa, wa tano nikawa naombwa ushauri. Ya katikati haina simulizi, ni kunyanyua na kulala tu. Nikishika chuma watu wanatazama, nikikoroga unga wangu watu wanauliza. Na mimi najibu. Nilijibu kuhusu goti, mgongo, usingizi, figo, homoni, chochote. Nikiwa sijui, nilijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Dogo alikuja jioni moja amechoka, akanikuta nakoroga ule unga wa kabla ya mazoezi. "Kaka, hiyo inasaidia?" Nikamwambia inasaidia sana. "Nichukue ngapi?" Nikamwambia: "Piga skupu mbili, usiogope. Ukianza kuwashwa ujue imeingia kazini."

Mimi nilikuwa na kilo 84 na nilikuwa nakunywa skupu, yaani kijiko cha kupimia kilichomo ndani ya kopo, moja na nusu. Yeye alikuwa na kilo 55. Kwa nini nilimwambia mbili? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu linaniaibisha: mbili ilisikika kiume zaidi.

Baada ya robo saa hivi alikuwa ameketi kwenye benchi anasugua masikio kwa taulo, halafu vidole, halafu masikio tena. Nikacheka, nikawaonyesha wenzangu: "Mwoneni, imeingia!" Dogo naye akacheka kidogo. Kisha akaacha. Nilipomtazama vizuri niliona mshipa wa shingo unaruka, unaruka kweli, kiasi kwamba ungeweza kuuhesabu ukiwa umesimama pale nilipokuwa. Alitaka kunywa maji, akashindwa kufungua kifuniko cha chupa kwa jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka. Akanipa chupa nimfungulie. Sijamaliza kuifungua, akatapika juu ya ile taulo.

Kule kuwashwa, kwa taarifa yako, kunaletwa na beta-alanini, kiungo kimojawapo cha unga ule. Ukinywa nyingi kwa mkupuo mmoja, kuanzia miligramu 800 hivi, huchokoza neva za ngozi, na wengi huisikia usoni, masikioni na mikononi. Haina madhara, na haikuambii lolote kuhusu nguvu ya siku hiyo. Beta-alanini hufanya kazi yake polepole, kwa kuongeza kanosini, kemikali inayosaidia misuli isichoke haraka, ndani ya misuli kwa wiki kadhaa. Mimi niliisimulia kama king'ora cha ushindi kwa sababu aliyenifundisha alinifundisha hivyo, naye sijui alifundishwa na nani.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akauliza amekunywa nini, Dogo akasema. Akauliza kiasi gani, Dogo akasema skupu mbili. "Skupu ni kiasi gani?" Dogo akanitazama mimi. Daktari naye akanitazama mimi. Na mimi, mshauri wa jimu nzima, sikujua. Ilibidi nitoke mbio hadi kwenye begi, nitoe kopo, nimulike lebo kwa simu. Skupu moja, miligramu 200 za kafeini. Mbili, 400. Niliposoma hivyo kwa sauti ndipo Dogo akasema, polepole, kwamba kazini alikuwa amekunywa vikombe viwili vya kahawa kwa sababu ya uchovu.

Sasa piga hesabu nami. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ilipoichunguza kafeini mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya hapaswi kuwa na wasiwasi hadi miligramu 200 kwa mkupuo na 400 kwa siku nzima. Wanaoitafiti kwa ajili ya michezo kwa kawaida hutumia miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Dogo alimeza kiwango cha siku nzima kwa mkupuo mmoja, zaidi ya miligramu 7 kwa kilo, juu ya kahawa. Na kafeini haina haraka ya kutoka: kwa watu wengi, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Aliyekunywa 400 saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado ana kama 200 zinamzunguka. Ndiyo maana walimlaza hadi asubuhi wakimwangalia moyo.

Alipona kabisa. Kaka yake alinikuta koridoni akaniuliza swali moja tu: "Wewe ni daktari?" Sikuwa na jibu. Kesho yake jimu nzima ikaanza kuniita Daktari, na hadi leo wapo wanaonisalimia, "Daktari, leo skupu ngapi?" Ninacheka nao. Ila niseme ukweli wangu, jina hilo bado linauma, maana wale wale wanaocheka walikuwa wananiuliza mimi, na wawili kati yao walikuwa wanapiga hizo skupu mbili. Na Dogo angesema mapema kuhusu kahawa tusingefika huko! Lakini hakusema kwa sababu sikumuuliza. Huwa naikumbuka sehemu hiyo ya pili nikishamaliza kukasirika.

Tangu siku hiyo nina sheria, na nakuomba nawe uwe nazo kabla ya kufungua mdomo. Ya kwanza, sema gramu au miligramu, usiseme skupu. Kila kopo lina kijiko chake, na hata kijiko kile kile, unga ukishindiliwa hubeba zaidi ya ukiwa umelegea. Ya pili, ukitaja kiasi chako taja na uzito wako. Ya tatu, uliza kwanza: una kilo ngapi, unatumia dawa yoyote, presha ikoje, umekunywa nini leo, na kwa dada, kama ni mjamzito au ananyonyesha. Ukiona aibu kuuliza hayo, basi ona aibu na kushauri.

Najua wengine mnasema, "Mimi sishauri, nasimulia tu yangu." Hata kusimulia kuna adabu zake. Nilipoanza kreatini, wiki ya kwanza niliongezeka karibu kilo mbili, nikatangaza kwa kila aliyekuwa na masikio: kilo mbili za misuli kwa wiki moja! Yalikuwa maji. Kreatini huvuta maji ndani ya misuli, hasa ukianza na ile dozi kubwa ya gramu 20 kwa siku, imegawanywa mara nne, kwa siku tano hadi saba. Ukianza moja kwa moja na gramu 3 hadi 5 kwa siku utafika pale pale baada ya wiki tatu au nne, bila kishindo. Na katika miezi ile ile nilikuwa nimeacha kukesha na nimepata mpango wa mazoezi ulioandikwa kwa mara ya kwanza maishani. Sikuvitaja. Usingizi hauna kopo la kushika ukipigwa picha.

Kwa hiyo ukisimulia, sema na muda uliotumia, na vingine ulivyobadilisha. Na sema gramu. Nimeshasema, lakini nasema tena.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawauoni kama ni utovu wa adabu: kutisha wenzako. Mwaka juzi nilipima damu, kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, ikaonekana imepanda. Nikafanya kosa la kulitaja kwenye benchi. Jamaa mmoja, asiyejua hata figo iko upande gani, akatikisa kichwa kama yuko msibani: "Ndiyo hizo kreatini zenu. Figo imekwenda hiyo." Nilikaa siku nne bila usingizi. Nilimtazama mtoto wangu akiwa amelala nikawaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Daktari aliponiona aliuliza maswali mawili: unatumia kreatini? Na unanyanyua vyuma? Kisha akanieleza kwa utulivu. Kreatini mwilini huvunjika na kuwa kreatinini, hivyo anayeitumia, na mwenye misuli mingi, anaweza kuonyesha kiwango cha juu huku figo zake zikiwa salama. Akaniagiza niiache kwa muda, nirudie kipimo, na akaongeza kipimo kingine cha damu kiitwacho sistatini C, ambacho hakitegemei sana wingi wa misuli. Majibu yakawa mazuri. Yule jamaa sijawahi kumrudishia majibu. Labda ningepaswa, lakini acha akae na msiba wake.

Angalia lakini: daktari hakuniambia kwamba kila aliyepanda kreatinini yuko salama. Aliniambia mimi, baada ya kunipima mimi. Mwenye ugonjwa wa figo habari yake ni nyingine kabisa, na hiyo si ya kuamuliwa kwenye benchi.

Sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Kuna kipindi muuzaji mmoja alikuwa ananipa kopo la bure kwa kila wateja watano niliompelekea. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nasema "hii ndiyo bora, nimezijaribu zote", na nilikuwa nimejaribu tatu. Unga wenyewe haukuwa mbaya. Ila siku dada mmoja alipogundua, alikuja akanitazama tu na kusema, "Kumbe." Neno moja. Laiti angenitukana. Unachopewa kiseme kabla hujasifia, hata kama ni kopo moja, hata kama ungelisifia bure.

Dada huyo huyo alikuwa anakimbia mashindano, na hapa ndipo ujinga wangu ungeweza kumgharimu kweli. Aliwahi kuniuliza kama ule unga ni safi kwa mtu anayepimwa dawa za michezo. Nikamjibu "safi kabisa." Nilijuaje? Nilikuwa nimesoma lebo. Watafiti wa Cologne, Ujerumani, walipima virutubisho 634 visivyo vya homoni vilivyonunuliwa nchi 13 kati ya mwaka 2000 na 2001, wakakuta 94, yaani karibu 15 katika kila 100, vina vitu vya jamii ya homoni ambavyo lebo hazikuvitaja. Mwogeleaji Jessica Hardy wa Marekani alikutwa na klenbuteroli, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, mwaka 2008, akaikosa Olimpiki ya Beijing, na ikabidi apiganie jina lake kwa kuonyesha kwamba ilitoka kwenye kirutubisho. Hata hivyo alifungiwa mwaka mmoja, kwa sababu katika sheria za dawa michezoni kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukukikusudia. Akarudi, akapata medali London mwaka 2012, lakini Beijing haikurudi.

Leo nikiulizwa swali hilo najibu: sijui, mimi sina maabara. Tafuta kilichopimwa na taasisi huru, kama Informed Sport au NSF Certified for Sport, hakikisha namba ya toleo iliyo kwenye kopo lako ndiyo iliyopimwa, kisha muulize daktari wa timu yako. Hata hapo hatari inapungua tu. Kusema "sijui" mara ya kwanza kulinichubua koo. Sasa nakusema kama salamu.

Sasa turudi kwa kijana wa Jumanne. Baada ya kufuta, nilimwandikia upya: una umri gani, kilo ngapi, umefanya mazoezi kwa muda gani, unalala saa ngapi, kuna dawa unatumia, moyo au presha vimewahi kukusumbua? Nikamwambia pia kwamba ule mwili wa kwenye picha ni wa miaka tisa, na kwamba nilipigwa picha baada ya mazoezi, misuli ikiwa imejaa damu, taa iko juu yangu.

Akajibu baada ya dakika mbili: "Kaka mbona maswali mengi kama polisi, basi nitamuuliza mwingine."

Nimeusoma ujumbe huo mara kadhaa. Jana asubuhi nilimtumia swali moja tu, lile la kilo. Alama zinaonyesha amelisoma.